Mkono wa Kushoto

Deventer, baridi kali. Bwana Gerlach Tyman
ana mabamba arobaini ya shaba yanayongoja kuchongwa
na dirisha moja tu lenye mwanga wa kutosha.
Hapo ndipo Wessel Hoen husimama tangu alfajiri,
askari wa zamani, ujira wake bia na samaki wa chumvi,
na mimi, Aleid, msaga wino,
naandika namba pembeni mwa karatasi.

Ya kwanza: puliza utambi.
Si kwa nguvu, asema Wessel,
puliza kama unamtoa mtoto kibanzi jichoni.
Utambi unawaka ncha zote mbili, mkono wa kushoto,
umepita katikati ya vidole,
nao haujui adui ni nani
wala nani amejifunga baruti kifuani.
Vidole vyake viwili ni vigutu.
Bwana Gerlach anamchorea vizima, vyenye kucha.

Fungua kikombe cha unga. Nyunyiza. Funga.
Kung'uta kilichomwagika, kung'uta hasa,
chembe moja ikibaki itakuita kwa jina.
Zungusha gobori, kitako ardhini,
ng'oa kichupa cha mti kwenye mkanda:
viko kumi na viwili, hugongana ukitembea,
"usiku wa kuvizia tulivifunga kwa soksi zetu,
tukaenda pekupeku kwenye theluji."
Mimina. Kisha risasi;
nayo hakuitoa mfukoni, aliitema.
"Nne shavuni, kama mwizi wa njugu.
Ina utamu, risasi. Hamkuambiwa?"
Bwana Gerlach hakuchora mate.

Mdeki: uchomoe, ushike kwa ufupi, uutegemeze kifuani,
shindilia.
Shindilia tena.
Haraka haina baraka, lakini pale uwandani
polepole nayo haikuwa nayo.
Halafu urudishe mdeki kwake, kijana, urudishe!
Ameona uliosahaulika mtutuni
ukiruka na moto juu ya mashayiri,
mrefu, umenyooka, unaimba,
na mwenye gobori amebaki
na chuma kisichoweza kulishwa tena.

Hapo bwana akacheka, akashusha kitabu cha babu yake,
ngozi imeliwa na panya.
Ukurasa wa katikati: mtungi umelazwa juu ya meza,
tumbo kubwa, shingo nyembamba,
na mshale unatoka mdomoni mwake.
Mtu mwenye joho jekundu anaugusa kwa kijiti cha moto
huku ameangalia pembeni.
"Aliyechora," akasema bwana, "hakuwahi kuiona bunduki.
Alisimuliwa tu."
Wessel aliutazama mtungi ule
hata bia yake ikapoteza povu.
"Alisimuliwa na mtu aliyekuwapo," akasema.

Ya kumi na tisa. Ya ishirini.
Kila namba kiwiko mahali pake, mguu mahali pake,
kofia yenye unyoya ambao Wessel hakuwahi kuumiliki.
Nikachovya kalamu niandike ishirini na moja.
"Ngoja," akasema.
"Kati ya hiyo na hiyo ndipo Dirck alipoanguka,
risasi zake bado ziko shavuni.
Hiyo namba ngapi?"
Nilitazama karatasi. Bwana alitazama dirisha.
Wino ukadondoka, ukatia doa, doa likabaki.

Siku ya Mtakatifu Matia tulipiga chapa ya kwanza.
Nikalifunua karatasi bichi, nikaona kosa:
bwana alichonga alivyochora, hakugeuza,
na shaba ni kama kioo, hugeuza yenyewe.
Askari wetu ameshika mdeki kwa kushoto,
upanga umehamia kulia,
kila kitu sawasawa na kila kitu kinyume.
Bwana Gerlach alimtukana Mungu, kisha akaomba radhi.

Wessel hakukasirika. Alisogea mbele ya karatasi,
akainua mdeki kwa mkono wake wa kulia,
na yule wa karatasini alikuwa ameinua wake
upande uleule, uso kwa uso,
hatua kumi tu, labda kumi na mbili.

"Huyu si mimi," akasema.
"Huyu ni yule wa ng'ambo ya mfereji.
Siku zote nilitaka kujua
kama naye alikuwa anahesabu."

Nikalitundika karatasi kambani likauke.